Modeli ya hewa iwe ya vipande, msituletee boksi lililofungwa

Ndugu Mhariri,

Salaam. Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua. Najua mnapenda barua fupi ila hii imekuwa ndefu, nivumilieni, na mkilazimika kukata basi kateni popote ila msiguse pale penye habari ya saa mbili asubuhi, maana pale ndo palinifanya nishike kalamu.

Siku hizi kila baada ya muda mnatuwekea namba ya hewa. Dar leo imefika kiasi flani, rangi ya njano, rangi nyekundu, wenye pumu wakae ndani. Sibishi kwamba hewa ni mbaya, ukikaa nyuma ya lori pale Buguruni dakika kumi tu kola ya shati inakupa ripoti yake bila intaneti. Na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilikaza zaidi, lile vumbi dogo kabisa linaloitwa PM2.5 walikuwa wanashauri lisizidi mikrogramu 10 kwenye mita moja ya ujazo kwa wastani wa mwaka, wakashusha hadi 5. Sawa. Ila kuna swali sijawahi kuona mnauliza, hiyo namba mnayoiandika kaipata nani na kwa njia gani? Msomaji anadhani kuna mashine imefungwa juu ya paa mtaani kwake. Mahali pengi hamna mashine. Pasipo na mashine namba inatoka kwenye modeli, yani programu ya kompyuta inayopiga hesabu ya moshi umetoka wapi, upepo umeupeleka wapi, jua limeufanya nini, halafu inakwambia wewe wa Tabata unavuta kiasi gani.

Na modeli sio zote sawa. Utabiri wa dunia nzima wa CAMS, ule wa Ulaya, unaikata dunia kwenye visanduku vya takriban kilomita 40 kwa 40. Chukua ramani ya Dar uone, kisanduku kimoja cha hivo kinaweza kumeza Masaki, Vingunguti, Mbagala na kipande cha bahari juu yake, wote mnapewa namba moja, mwenye bustani na yule anayelala ukutani mwa kiwanda. Sio kosa lao, wao wanaangalia dunia. Ila mtu anayetaka kujua shule ijengwe upande huu wa barabara au ule, hiyo haimsaidii kitu, ndo maana miji inataka modeli yake ya karibu karibu. Na hapo ndo nilipokutana na kituko.

Mi ni mwandika programu, kazi yangu ya kila siku ni mifumo ya malipo, haya mambo ya hewa niliingizwa na mpwa wangu, binti wa dada, yuko masomoni anachukua shahada ya pili. Akanipigia jumapili moja, "Shikamoo mjomba, una nafasi? Kuna kodi inanisumbua." Kodi hapa ni maandishi ya programu, sio ile ya TRA, msije mkanitafuta bure. Alikuwa amepelekwa mafunzo kwa vitendo kwenye ofisi moja hapa mjini, sitaitaja, wana modeli ya hewa waliyoandikiwa na mshauri mwelekezi ambaye alishalipwa akaondoka na simu hapokei. Kazi ya mpwa wangu ilikuwa ndogo tu, aingize hesabu mpya ya magari pale Ubungo atoe ramani mpya. Siku mbili tatu, walimwambia. Akakaa wiki sita.

Nikafungua laptop yake. Faili moja. Mistari elfu tisa na ushee ndani ya faili moja, kila kitu humo humo, hesabu ya upepo imekaa katikati ya hesabu ya magari, kemia inaanza juu huko inakatika inaibukia chini kabisa karibu na sehemu inayochora ramani, na kuna jina "temp" limetumika kila mahali mara ni joto la hewa mara ni kitu cha kushikilia kwa muda, ukiligusa hapa kule kunalia. Nimeona mengi kwenye benki na kwenye mitandao ya simu lakini ile ilikuwa ni katani iliyochanganywa na nywele.

Sasa saa mbili asubuhi. Vijana waliohesabu magari Ubungo waliandika kama sisi sote tunavyoandika, saa 2 asubuhi, saa 12 jioni. Kiswahili safi kabisa. Programu ikasoma 2 asubuhi ikaona ni saa 02, na ndani yake mwenyewe inahesabu kwa saa ya Greenwich, kwa hiyo 02 ya Greenwich kwetu ni saa kumi na moja alfajiri. Ile saa 12 jioni nayo ikaeleweka ni saa 12 ya mchana ya Greenwich, kwetu saa tisa. Angalia hesabu inavyodanganya, sisi tuko masaa sita nyuma kwa kutaja na masaa matatu mbele kwa Greenwich, ukitoa unabaki na matatu, kwa hiyo foleni yote ya Ubungo ikasogea masaa matatu nyuma, na mtu yeyote anayeona kosa la masaa matatu Afrika Mashariki anasema haraka "aah hiyo ni Greenwich tu". Ndo alichofanya jamaa wa ofisini. Akatoa matatu, kama inavyofanyika siku zote. Foleni ya asubuhi ikahamia saa nane ya usiku. Ramani ikatoka Ubungo inawaka nyekundu saa nane usiku, malori, daladala, bajaji, wote barabarani, sijui ni foleni ya wachawi wanarudi kazini. Ilitakiwa aongeze matatu.

Mtu anaweza kusema si masaa tu, jumla ya moshi kwa siku ni ile ile. Hapana, hapo ndo penyewe. Usiku na alfajiri hewa ya chini imetulia, haipandi, moshi unabanwa karibu na ardhi kama moshi wa jiko kwenye chumba kisicho na dirisha, mchana jua likipasha ardhi hewa inapanda inachanganyika juu sana na moshi unapata nafasi. Kwa hiyo moshi ule ule ukiumwaga saa nane usiku unapata namba kubwa kuliko ukiumwaga saa mbili asubuhi. Halafu kuna kemia. Moshi wa magari una gesi za naitrojeni, na mwanga wa jua ndo unaozivunja na kuanzisha ule mzunguko unaotengeneza ozoni, gesi ambayo ikiwa huku chini tunakovuta inaumiza mapafu, usiku hamna jua, gesi hizo hizo badala ya kuzaa ozoni zinaila ile iliyopo. Kosa dogo la kutaja saa kwenye karatasi ya kijana wa kuhesabu magari linageuza kemia ya mji mzima kichwa chini miguu juu, na ramani inatoka nzuri tu, ina rangi, ina nembo, inapelekwa kwenye kikao.

Sasa kosa la namna hii litatokea popote, hata kwa waliosoma zaidi yetu, kilichoniudhi sio kosa, kilichoniudhi ni kwamba tulipolijua hatukuweza kulitoa. Ile toa-tatu ilikuwa imeandikwa sehemu kumi na moja tofauti ndani ya lile faili. Tisa tulizipata siku ya kwanza. Ya kumi ilijificha kwenye sehemu inayosoma hali ya hewa ambako kumbe ilikuwa sahihi, tukaitoa, tukaharibu, jua likawa linachomoza Dar saa tatu asubuhi.

Wenzetu waliopita njia hii zamani walishajifunza. Marekani kabla ya miaka ya mwisho ya 90 walikuwa na modeli moja ya ozoni ya mijini, UAM, na nyingine ya mvua ya tindikali, RADM, kila moja na ukoo wake na kodi yake, wakati anga ni moja na gesi ni zile zile. Shirika lao la mazingira, EPA, mwaka 1998 likatoa CMAQ, modeli moja ya kubeba yote hayo pamoja, imeandikwa kwa Fortran, lugha ambayo vijana wa leo wanaicheka ila ndo inaendesha hewa ya dunia, inatolewa bure na kodi yote iko wazi mtu yeyote anapakua hata aliyeko Tandahimba. Uzuri wake sio kwamba haina makosa. Uzuri wake ni ilivyokatwa.

Nieleze kwa lugha ya dukani. Kuna daftari moja kubwa, kila ukurasa ni kisanduku kimoja cha hewa, ndani yake kuna orodha ya gesi na vumbi na kiasi chake. Daftari linazungushwa kwa mafundi. Fundi wa kwanza kazi yake kuchanganya hewa juu na chini, analichukua anarekebisha namba analirudisha. Wa pili ni upepo, anahamisha kutoka ukurasa huu kwenda ule. Anakuja wa mawingu na mvua, anakuja wa kemia, anakuja wa vumbi. Duru ikiisha muda unasogezwa mbele kidogo wanaanza tena. Fundi upepo hajui kemia, wala hahitaji kujua kama anachobeba ni ozoni au ni harufu ya samaki wa Feri, yeye anajua ukurasa na namba. Ndo maana ukitaka kumtoa fundi kemia wa zamani uweke mwingine hugusi upepo hata mstari mmoja, unachagua jina lake wakati wa kuiandaa programu basi. Kuna mifumo ya kemia kama Carbon Bond na kuna SAPRC, kila mmoja una wapenzi wake kama Simba na Yanga, unajaribu huu unajaribu ule unalinganisha, na tofauti ukiiona unajua imetoka kwenye kemia sio kwingine kwa sababu vingine hujavigusa. Kwenye lile faili la mistari elfu tisa huwezi kusema hivo hata kwa kiapo.

Na hata nje ya CMAQ yenyewe kuna vipande vingine vimesimama peke yake, hali ya hewa inatoka kwenye programu ya utabiri inayoitwa WRF, kuna kipande kinaitwa MCIP kazi yake ni kuitafsiri hiyo hali ya hewa iingie kwenye CMAQ, na kuna cha kuandaa moshi wa magari na viwanda kinaitwa SMOKE, yani Moshi, sio ule mji wa Kilimanjaro. Mpwa wangu alicheka sana.

Kuna hii ya miti pia nimeipenda. Miti inatoa gesi inaitwa isoprini, hasa jua likiwa kali, na gesi hiyo inaingia kwenye mambo ya ozoni. Moduli ya zamani ya CMAQ ya kuhesabu gesi za mimea, BEIS, ilitengenezwa kwa kufuata mimea ya Amerika ya Kaskazini. Nyingine inayoitwa MEGAN ni ya dunia nzima. Toleo la 5.4 la mwaka 2022 likakuruhusu uchague MEGAN ndani ya CMAQ. Fikiria ingekuwa boksi limefungwa, tungekuwa tunapiga hesabu ya Pugu na Kazimzumbwi kwa miti ya Carolina na hakuna ambaye angejua.

Kuna mtu anaitwa David Parnas, mwaka 1972 aliandika jambo ambalo sisi waandika programu tunafundishwa halafu tunalisahau tukipata kazi, kwamba usikate programu kwa kufuata hatua za kazi kama mtu anayechora mchoro wa nini kifuate nini, kata kwa kufuata maamuzi yanayoweza kubadilika, kila uamuzi mgumu au wenye wasiwasi ufiche ndani ya kipande chake ili siku ukibadilika ufe na kipande hicho tu. Sasa jiulize kwetu nini kinabadilika? Sheria za upepo hazibadiliki, upepo wa kusi na kaskazi utaendelea kuvuma kwa hesabu zile zile zinazotumika Ulaya. Kemia ya ozoni ya Mwanza na ya Chicago ni ile ile. Kinachobadilika kwetu na ambacho hakuna Mmarekani wala Mfaransa atakayekuja kutuandikia vizuri ni moshi wenyewe unatoka wapi, mkaa, bodaboda, jenereta za madukani umeme ukikatika, taka zinazochomwa nyuma ya nyumba jumamosi, tanuri za matofali. Kwa hiyo hicho ndo kipande chetu. Vingine tuazime, hicho tuandike wenyewe. Hili ndo neno langu kubwa kwenye barua hii, hayo mengine ni mbwembwe za kulifikia.

Na hili sio ndoto. Modeli ya GEOS-Chem ya kule Harvard mwaka 2014 walitoa kipande cha moshi nje kabisa kikasimama peke yake, kinaitwa HEMCO. Unaandika kwenye faili la kawaida la maandishi, tumia takwimu hizi za dunia kila mahali, ila ukifika Afrika tumia hizi nyingine, zina kipaumbele. Basi. Hamna kufungua tumbo la modeli. Baadaye na modeli nyingine zikaja kukiazima. Na takwimu za Afrika zenyewe zipo, mwaka 2016 Eloise Marais na Christine Wiedinmyer walitoa seti inayoitwa DICE-Africa, wakahesabu vitu ambavyo takwimu za dunia zilikuwa zinavipitia juu juu, pikipiki, kuchoma mkaa na kuutumia, mafuta ya taa, jenereta. Hata hivyo zile zinasimama kwenye miaka 2006 na 2013, na aliyekuwepo Dar 2013 akilinganisha bodaboda za wakati ule na za leo anajua mwenyewe. Mtu akifanya kazi ya kuzihesabu upya leo, kwenye mfumo wa vipande anabadilisha faili moja, kwenye boksi la mshauri mwelekezi anasubiri mshauri apokee simu.

Angalia na faida yake kwa serikali. Mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa 2024 unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Vizuri sana. Sasa mtu wa wizara akiuliza, mkaa ukipungua nusu Temeke PM2.5 inashuka kiasi gani, na je gesi za magari zikibaki pale pale tutapata nini? Kama mkaa uko kwenye kipande chake unapunguza nusu unaendesha tena, kesho asubuhi una jibu la kujadili. Kama mkaa umechanganywa na magari kwenye namba moja inayoitwa "mji", huna jibu, una hadithi.

Ila nisije nikaonekana nauza dawa ya kila ugonjwa. Vipande vina tabu zake na kubwa iko kwenye maungio. Wote tunajua chaja ya pini mbili kwenye soketi ya pini tatu, unachomeka kijiti au mfuniko wa kalamu kwenye tundu la juu ndo inaingia, inafanya kazi, mpaka siku inapochoma nyumba. Programu nazo ziko hivo hivo. CMAQ inataka gesi kwa moli, yani kipimo cha wanakemia cha kuhesabu chembe, kwa sekunde na vumbi kwa gramu kwa sekunde, wakati takwimu zetu zinakuja tani kwa mwaka, mtu akisahau kugawanya akapeleka gramu pale panapotakiwa moli, daioksidi ya naitrojeni inazidishwa mara 46 na kompyuta haisemi kitu, inapokea tu kama mlinzi aliyesinzia. Kwa hiyo mkataba wa maungio ni muhimu kuliko vipande vyenyewe, kila faili liseme lenyewe ndani yake namba hizi ni za kipimo gani, saa hizi ni za wapi, na kipande kinachopokea kisome kikatae kisipoelewa. Laiti faili la Ubungo lingekuwa na neno moja tu la kusema saa hizi zinatajwa kwa Kiswahili, programu ingegoma siku ya kwanza nasi tungejua siku ya kwanza.

Tabu ya pili ni kwamba hewa yenyewe haijui kama imekatwa vipande. Upepo na kemia na jua vinafanya kazi kwa pamoja kwa wakati mmoja, sisi tunavipa zamu, na ukizipa zamu ndefu mno unapata kosa. Halafu masizi yakiwa mengi yanazuia jua, jua likipungua ardhi inapoa, hewa haipandi, moshi unabanwa zaidi. Kama hali ya hewa umeihesabu peke yake ukamaliza ndo ukaleta moshi, hiyo huioni. Ndo maana kuna watu wakatengeneza WRF-Chem, ambayo makala yake ya kwanza kubwa ilitoka 2005, hali ya hewa na kemia vinakwenda pamoja, na CMAQ nao wakaweka njia ya kuongea na WRF pande mbili. Ni nzito kwa kompyuta. Kwa mji unaoanza nisingeshauri, ila vipande vikiwa vimekatwa vizuri mlango wa kufika huko haujafungwa.

Na ya tatu ni kuhesabu mara mbili. Mkaa unaochomwa porini satelaiti inaweza ikauona kama moto wa msitu, na takwimu za mkaa nazo zimeshauhesabu. Vipande viwili kila kimoja kiko sahihi, jumla yake ni uongo. Hili halitatuliwi na programu, linatatuliwa na mtu anayejua mkaa unachomwaje, na huyo mtu yuko Kisarawe hayuko Boston.

Nirudi kwenye kemia kidogo maana kuna kitu kilimfurahisha sana mpwa wangu. Wengi wanaogopa kemia ya hewa kwa sababu mwendo wake haulingani, kuna viungo vinaishi chini ya sekunde moja na kuna methani inayokaa karibu miaka kumi, zote kwenye hesabu moja, ukiandika kwa mkono utalia. Kuna chombo kinaitwa KPP, kilielezwa na kina Adrian Sandu mwaka 2002, wewe unaandika milinganyo ya kemia kama ulivyoiandika fomu four, hiki kwa hiki kinatoa kile kwa kasi hii, chombo kinaisoma kinakuandikia kodi ya Fortran au ya C yenyewe tayari kwa kuendeshwa. GEOS-Chem wanakitumia, WRF-Chem pia. Mkemia hagusi kodi na mwandika kodi hagusi kemia. Mpwa wangu aliandika milinganyo mitatu ya ozoni, ile ya msingi kabisa, akaona grafu inapanda na jua na kushuka na jua, akaniambia "mjomba kumbe hiki kitu kinaeleweka". Wiki sita alikuwa amekaa na lile faili la elfu tisa akijiona ana akili nzito.

Sio kwamba hatuna watu. Kampala pale Makerere kuna AirQo, wanatengeneza wenyewe vipima hewa vya bei nafuu, wanavifunga kwenye majengo na hata kwenye bodaboda. Vipima vya namna hiyo kwenye mfumo wa vipande ni fundi mwingine tu, kazi yake ni kuja mwisho kusema modeli imesema 40, mimi nimeona 65, rudini mkaangalie. Modeli isiyokubali kuulizwa hivo haina tofauti na mganga.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaoandika zabuni, halmashauri, vyuo, wafadhili. Msiandike tena "mfumo kamili wa kukadiria ubora wa hewa" halafu mkapokea boksi limefungwa na mwongozo wa kurasa kumi. Andikeni kwamba kipande cha moshi kiwe peke yake na kiwe mali yenu na kodi yake mpewe. Andikeni kwamba mtaruhusiwa kutoa kipande chochote na kuweka kingine bila kumlipa mtu yule yule. Na siku ya makabidhiano msikubali kuonyeshwa ramani ya rangi, mwambieni aliyeleta abadilishe kemia au takwimu za magari hapo hapo mbele yenu mkiwa mnakunywa chai. Akisema atarudi wiki ijayo, mmeshapata jibu.

Mpwa wangu aliishia kuliacha lile faili. Akachukua CMAQ, akaandika kipande chake kidogo cha kusoma hesabu za Ubungo, kina kazi moja tu ya kugeuza saa zetu kwenda Greenwich na magari kwenda moli na gramu, mistari mia mbili na kidogo, na mstari wa kwanza kabisa unauliza saa hizi ni za Kiswahili au za kizungu, usipojibu haiendelei. Foleni imerudi saa mbili asubuhi.

Na kwenu wahariri nina dogo tu. Mkiandika tena namba ya hewa, pembeni yake wekeni maneno machache, imetoka kwenye mashine au kwenye modeli, na kama ni modeli kisanduku chake kina kilomita ngapi. Hayazidi nusu mstari, nafasi mnayo, si mnaweka hata matokeo ya ligi ya Ureno.

Wenu msomaji,
Mwandika programu, Tabata, Dar es Salaam